Bastola Iliyosuguliwa kwa Limau

Wapendwa wa chumba cha nyuma,

Siku mliponikatia keki mliniomba niseme machache. Nilisema asante nikakaa, nanyi mkanong'onezana kwamba machozi yamenizidi. Hakuna kilichonizidi. Nilikuwa na keki mdomoni. Sasa nimestaafu, nina meza yangu ya jikoni hapa Etterbeek, nina kalamu, na hakuna wa kunikatiza akiuliza funguo za kabati la vioo ziko wapi. Ziko pale pale zilipokuwa siku zote. Basi nawaandikia yale ambayo ningeyasema siku ile.

Sitawaeleza nilivyopanda ngazi, maana ngazi yenyewe ilikuwa na vidato viwili, na cha pili kililegea. Nitaanza na ndoo.

Niliingia dukani mwanzoni mwa miaka ya tisini kama mfagizi. Mimi ni mtoto wa Bukavu. Mume wangu alikuja huku kusoma, nikamfuata, halafu nyumbani kukaharibika na safari ya kurudi ikawa inaahirishwa mwaka hadi mwaka, mpaka tukaacha kuitaja. Duka lilikuwa upande wa Sablon, mahali ambapo watu wenye nafasi huuziana vitu ambavyo babu zao walivitupa. Mwenyewe aliitwa monsieur Firmin, mtu wa Brussels wa kuzaliwa, mfupi, mwenye masharubu yaliyopakwa njano na kiko. Alinunua na kuuza bastola za kale, na watu walimletea za kwao awaambie zina umri gani, zimetoka wapi na zina thamani gani.

Siku ya kwanza aliniambia, "Safisha," akaenda posta. Nilisafisha. Nilipomaliza sakafu na vioo niliona juu ya meza yake bastola moja ya gumegume, kitako chake kimevikwa shaba iliyokuwa nyeusi kama sufuria ya maharage. Nilimwonea huruma. Nikasema moyoni, huyu baba hana mtu wa kumtunzia vitu. Kwetu mama yangu asingekubali mgeni aone shaba imefifia, ingekuwa aibu ya ukoo mzima. Palikuwa na nusu ya limau karibu na birika, na majivu tele kwenye kibweta cha kiko. Nikasugua kwa moyo wangu wote.

Monsieur Firmin aliporudi alikaa kitini bila kuvua koti. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Madame, una watoto?" Nikamjibu ninao wawili. "Na wao unawaosha hivi?" Ndipo akanieleza kwamba ile rangi nyeusi niliyoiita uchafu ilichukua miaka mia na hamsini kujijenga, na kwamba wanunuzi wake huitafuta hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Nilikuwa nimeondoa robo tatu ya thamani kwa nusu limau. Nilikwenda kuvua aproni nijiondokee mwenyewe. Akaniita, akaiweka ile bastola kwenye rafu ya ndoo zangu. "Hii sasa ni yako. Kila asubuhi uitazame kabla hujashika kitambaa." Ndiyo hiyo hiyo mliyoikuta rafuni mkadhani ni pambo.

Kujifunza kulianza hivyo, kwa aibu. Nikimaliza kufagia alinivutia kiti. Alinipa lenzi, bisibisi za ncha nyembamba zilizofungwa kwenye kitambaa cha sufu, na vijiti vya meno vya kuchokolea pembeni. Alinifundisha kwamba nje ya bastola kila mtu amekwisha kupapasa na kudanganya, kwa hiyo lazima kuifungua: unachomoa mdeki, ile fimbo ya kushindilia baruti, unalegeza skrubu ya nyuma, unasukuma nje ile pini inayopita katikati ya mbao na kushika mtutu, kisha unanyanyua mtutu polepole. Chini yake ndiko kuliko na alama za wafuaji. Za Liège, mji wa wafua bunduki, mnazijua, kijiduara cha umbo la yai chenye herufi ndani, na kwa zile za baadaye, taji juu ya yai. Aliniambia pia nisitupe kitu. Bastola zilizokufa alizinyofoa pini na skrubu akaziweka kwenye kibati cha pipi za kikohozi, droo ya tatu.

Kisha akanifundisha kujaza karatasi ya tathmini. Mnaijua: umri, kiwanda, hali, kasoro, asili. Kwenye asili aliandika kidogo sana, kwa sababu alikuwa amechoshwa na Waterloo, vita ile ya mwaka 1815. Kila aliyeingia, babu yake alikuwa Waterloo. Tulikuwa na mteja mmoja wa Auderghem, bwana mpole aliyekuwa na bastola arobaini ambazo mkewe alijua kumi na mbili tu. Tukimpigia simu tulitakiwa kusema vitabu vyake vimefika. Siku moja alileta ya arobaini na moja, akaapa ilipigana vita ile. Monsieur Firmin akamwonyesha kwamba ni ya fataki, na kwamba wakati wa vita ile bastola za fataki za namna hiyo zilikuwa hazijatengenezwa. Yule bwana akafikiri. "Labda babu yangu alitangulia wakati wake," akasema. Karatasi yake ikaandikwa, chini ya asili: simulizi ya familia. Maneno hayo matatu nimeyaandika kuliko jina langu.

Mahali pa kasoro ndipo alipojaza mpaka pembeni. "Andika zote," alikuwa akiniambia, "hata ile inayomwaibisha mwenye mali. Zikiwa nzima zinafanana. Zikiharibika, kila moja inaharibika kivyake." Niliona ni ukorofi wa mzee. Nilikuja kumwelewa siku ya papa Anselme.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ile ile ya tisini. Papa Anselme aliingia mchana mmoja wa mvua akiwa na mfuko wa duka la mikate. Alikuwa ametoka nao Anderlecht kwa metro, na mikate ilikuwa juu, kwa heshima ya abiria.

"Jambo, maman. Batu ba ku messe, kule ku kanisa, baliniambiya humu muko maman moja wa Bukavu, ule anajuaka mambo ya mapistolet."

"Ni mie. Karibu, papa. Ulileta nini?"

Akatoa mikate, akatoa kitenge, akakifungua. Ndani palikuwa na bastola iking'aa kama kijiko cha arusi.

"Papa, nani alisugua hii?"

"Bibi yangu, maman Bernadette, mama ya batoto yangu. Bageni balikuwa banakuya. Hauwezi kuonyesha batu kitu ya nkambo ikiwa mweusi vile. Alitumika citron na mchanga. Iko propre, si ndiyo?"

Nikamwambia iko safi sana. Kwa nini nimuumize, mimi wa majivu ya kiko?

Kisha akakaa akanieleza, na kila alivyoeleza sauti ilizidi kushuka. Bastola ilikuwa ya nkambo, babu yao. Katika ukoo ilisemwa kwamba alipewa mkononi na mfanyabiashara mkubwa wa misafara, kabla Wabelgiji hawajafika. Ilitundikwa juu ya jiko kwa baba yao miaka yote, na baba alipofariki aliachiwa yeye Anselme, kwa kuwa ndiye aliyebaki nyumbani. Walipokimbia aliileta Ulaya ndani ya unga wa muhogo. Kaka yake mkubwa, Fidèle, ambaye nyumba nzima ilimwita tonton, yaani baba mkubwa, na aliyekuwa akiishi Liège tangu ujana, alikuwa hajaiona kwa miaka zaidi ya thelathini. Mwezi ule alikuja kuwatembelea, akaoneshwa bastola inang'aa, akasimama.

"Alisema, hii haiko ya nkambo. Ya nkambo ilikuwa mweusi. Alisema mi niliuzisha ile yetu, alors nikanunua hii ku marché aux puces, kule banauzishaka vitu ya zamani. Akaenda. Hata chakula hakugusa, maman."

Na baada ya wiki mbili ukoo wa kijana mmoja ungekuja kumwombea binti yake, Espérance. Fidèle ndiye mkubwa. Ndiye aliyepaswa kuketi na kusema kwa upande wa binti. Alikuwa ametuma neno kwamba hataketi karibu na mwizi. Nyinyi wengine mnaweza kuona ni jambo dogo, mtu mmoja kukosekana kwenye kiti. Kwetu, wageni wangekuta kiti kile kitupu, wangeondoka wakijiuliza ni ukoo gani huu, na binti angelibeba swali hilo mpaka uzeeni.

"Nipe papier," akasema papa Anselme. "Papier iko na cachet, ile muhuri ya duka. Useme tu ni ile yenyewe."

Niliipeleka bastola kwa monsieur Firmin. Aliigeuza mara moja, akanitazama chini ya miwani. "Rafiki yako limau amerudi," akasema. Kisha akairudisha mikononi mwangu. "Mimi sijui kitu juu ya majiko ya kwenu. Ifungue, uandike, utie sahihi mwenyewe." Sikuwahi kutia sahihi karatasi hata moja kabla ya hiyo. Mikono ilinitoka jasho, na mnajua jasho linavyofanya chuma.

Niliifungua. Mdeki, sawa. Skrubu, sawa. Niliposukuma pini ilitoka kirahisi mno, na haikuwa pini. Kilikuwa kipande cha spoki ya baiskeli, kimekatwa ovyo kwa koleo, ncha moja bado ina hesi ya kukazia nati. Nilicheka peke yangu. Chini ya mtutu, ambako limau la maman Bernadette halikufika, alama zilikuwepo wazi: yai la Liège, na juu yake taji. Kwa hiyo ilifuliwa mwishoni kabisa mwa karne ya kumi na tisa, Wabelgiji wakiwa wameshafika na kukaa. Ilikuwa bastola ya bei rahisi, ya zile zilizopakiwa kwenye makasha pamoja na nguo na shanga. Yule mfanyabiashara mkubwa wa kabla ya Wabelgiji akaanguka hapo hapo. Thamani yake, sokoni kwetu, ilikuwa ya jozi ya viatu vizuri.

Kwenye mfereji wa mbao, mtutu unapolala, palikuwa na utando mweusi unaonata. Monsieur Firmin alidhani ni mafuta ya zamani, akanyoosha mkono na kitambaa. Nilimshika mkono. Nilikuwa sijawahi kumshika mkono.

"Hayo ni masizi ya jiko la kuni, monsieur. Usiyaguse."

Akanitazama, akatazama ile bastola yangu ya rafuni, akaweka kitambaa chini. Lakini masizi yalisema tu kwamba bastola ilikaa juu ya moto. Hayakusema ni moto wa nani.

Papa Anselme aliporudi nilimsomea nilichoandika. Taji na Liège vilimuumiza, akavumilia. Spoki ndiyo iliyomshinda.

"Maman, toa ile ya velo. Bataseka nkambo."

"Siwezi, papa. Iko ndani."

"Na pale chini? Haukuandika ni ile yenyewe?"

Sikuandika. Nitawaambia ukweli, nilikuwa nimeiandika sentensi hiyo kwa penseli, nikaisoma, nikaifuta. Nilimwamini yule mzee kabisa. Nilikuwa na kaka zangu mwenyewe wasiosemezana, na nilitaka sana kumpa anachotaka. Monsieur Firmin asingekagua. Lakini kuamini si kujua, na karatasi ile ingebeba jina langu. Chini ya asili nikaandika maneno yale matatu ya bwana wa Auderghem. Nilijichukia siku nzima.

Papa Anselme hakunilaumu. Aliniomba kitu kimoja, nije Jumapili niisome mwenyewe mbele ya kaka yake, kwa sababu karatasi ikisomwa na aliyeiandika inakuwa na uzito. Nilijua ni uzito gani. Nilikuwa ninakwenda kummaliza.

Walikaa ghorofa ya tano, kwenye majengo ya komini, yaani ya manispaa, kule Anderlecht. Tonton Fidèle alikuwa amekuja, suti ya vipande vitatu, amekaa ukingoni mwa kiti na kofia iko gotini, kuonyesha kwamba hakai. Maman Bernadette alileta fufu na mboga ya sombe, majani ya muhogo, akaviweka mbele yake. Hakuvitazama. Espérance alisimama mlangoni mwa jikoni.

Nilisoma kwa Kifaransa, nikaeleza kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye kiwanda tonton Fidèle aliinua kidole.

"Donc, iko ya Liège?"

"Ndiyo, tonton."

"Kule ninakaaka?"

"Kule kule."

Espérance aliziba mdomo. Tonton Fidèle alitazama dirishani kama mtu aliyesengenywa na mji wake mwenyewe. Nikaendelea na kasoro. Nilisoma kwamba imesuguliwa hivi karibuni kwa kitu chenye asidi na mchanga, na rangi ya uzee imetoka. Maman Bernadette alianza kuchunguza dari. Nikavuta pumzi, nikasoma, "Pini ya asili haipo. Mahali pake pamewekwa kipande cha spoki ya baiskeli, kimekatwa kwa koleo, ncha moja ina hesi." Papa Anselme alifumba macho.

Tonton Fidèle aliweka kofia sakafuni.

"Rudilia pale."

Nikarudia.

"Nionyeshe."

Nikaichomoa, nikampa. Alikwenda nayo dirishani, akavua miwani, akaisogeza karibu na jicho. Hatukumharakisha. Mabega yake yalianza kutikisika, na sikujua analia au anacheka, kumbe yote mawili.

"Anselme, wee ulikuwa ungali ku mugongo ya mama," akasema. "Mi niliitosha yulu ya moto, nichezeshe nayo basoda, ule mchezo ya vita. Ile kitu ikaanguka ndani ya migomba. Nilitafuta, nilitafuta. Bon, nikakata ku velo ya papa."

"Ile velo ya papa?" akauliza papa Anselme.

"Ile ile. Gurudumu ikaanza kuyumba. Papa akasema ni barabara ya Walungu inaharibisha velo. Alikufa akiwa anatukana ile barabara." Akajipangusa uso kwa mkono mzima. "Sikuambiya muntu. Hata padri sikumwambiya."

Kisha akamgeukia ndugu yake.

"Ni ile, Anselme. Ni ile yenyewe. Unisamehe. Nilikuita mwizi, na mwizi ni mie."

Papa Anselme alisimama akamshika kaka yake mabegani, na mimi nikaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wangu ambacho hakikuwemo.

Tonton Fidèle aliporudi kitini alikaa mpaka nyuma kabisa. "Chakula iko wapi?" akauliza.

"Ilipoa," akasema maman Bernadette. "Utakula vile vile. Miye nilisugua pistolet yenu siku muzima, na hakuna muntu aliniambiya aksanti."

Alikula. Kati ya tonge la pili na la tatu aliniinamia. "Maman, bon, sasa utoe ile ya velo ku papier."

Nikamwambia haitoki. Badala yake nilichukua kalamu, na chini ya simulizi ya familia nikaongeza: imetambuliwa na mwana mkubwa, kwa pini aliyoiweka mwenyewe. Akatia sahihi kwa majina yake yote ya ubatizo, nayo yalikuwa mengi.

Jumatatu monsieur Firmin aliisoma karatasi mara mbili. Alisema maishani mwake ameletewa mashahidi wa kila aina, lakini aliyekiri kosa ni huyu wa kwanza. Akafungua droo ya tatu, akachokoa ndani ya kibati mpaka akapata pini halisi ya chuma, ya zama zile zile na unene ule ule. "Wape," akasema. "Zawadi ya arusi."

Niliipeleka siku ya kuja wageni. Tonton Fidèle aliketi kwenye kiti chake upande wa binti, akazungumza kwa muda mrefu kiasi kwamba wazee wa upande wa pili walianza kutazamana wakiuliza kwa macho kama wameshakubaliwa au bado. Walikuwa wamekubaliwa tangu mwanzo. Mzee alikuwa anafurahi tu. Yote yalipomalizika niliwaita ndugu wawili pembeni, nikawapa ile pini. Papa Anselme aliigeuza, akampokeza kaka yake. Tonton Fidèle aliitazama kidogo, akanirudishia mkononi na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Aksanti, maman. Lakini pistolet iko na ya kwake."

Wazee hao wawili wote wamekwisha kutangulia. Wiki iliyopita Espérance alinipigia simu. Bastola sasa iko kwake, imeanza kuwa nyeusi tena, na mwanawe ameuliza kwa nini imefungwa kwa waya wa baiskeli. Nilimwambia amtolee karatasi, amsomee kasoro kwanza.

Ile pini ya chuma iko droo ya tatu, ndani ya kibati cha pipi, imefungwa kwenye kikaratasi chenye mwandiko wangu. Msiitupe, na msiifunge kwenye bastola yoyote. Na limau mtakaloliona karibu na birika ni la chai.